Kanda Isiyo na Jina

Chini kabisa ya kabati langu la vitabu pana boksi la viatu lenye kanda za kaseti kumi na saba. Moja kati ya hizo ina karatasi iliyoandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa ualimu: "Ngoma ya Kikurya. Litungu. Tarime." Jina la aliyeimba halipo. Si kwamba nililisahau. Nililijua vizuri, na mwenye jina nilikuwa nikimwamkia karibu kila mnada. Sikuliandika kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu wa namna ile anastahili kuitwa mtunzi, kama anavyoitwa mtunzi yule anayeandika kitabu.

Insha hii ni mashtaka, ndugu msomaji, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi. Hata hivyo sikubali kusimama kizimbani peke yangu. Nawaita walimu wenzangu, watangazaji, wenye studio, wenye vibanda vya muziki, na wewe unayesoma, ikiwa umepata kunakili wimbo wa mtu wa kijijini bila kuuliza aliyeutunga ni nani.

Nilihamishiwa Tarime mwaka 1986. Mimi ni Msambaa wa Lushoto, na nilipoona vilima, baridi na migomba nilijiona nipo nyumbani. Lugha ndiyo iliyonitoa nje ya mlango. Kikurya sikujua hata salamu. Mpaka wa Sirari ulikuwa umefunguliwa tena mwaka 1983, baada ya kufungwa tangu mwaka 1977, na vitu kutoka Kenya vilikuwa vikirudi madukani, betri na kanda tupu zikiwemo. Kanda tupu ndizo zilizoleta jambo ninalotaka kulisimulia. Zamani mtu aliyetaka sauti yake ihifadhiwe alikuwa na njia mbili: ama asubiri watu wa Radio Tanzania waje kurekodi ngoma za mikoani, ama ajikokote mpaka Nairobi, maana santuri zetu zilikuwa zikichapwa huko. Redio kaseti na kanda tupu vilimpa njia ya tatu, yaani ajirekodi mwenyewe, anakili mwenyewe, na auze mwenyewe.

Litungu ni chombo cha nyuzi nane. Kasha lake ni mti uliochongwa ukawa na tumbo, ukawambwa ngozi. Mikono miwili ya mti inapanda juu na kuunganishwa kwa mti uliokingama, na nyuzi zinashuka kutoka huko mpaka kwenye ngozi. Majirani wana ndugu zake: Wajaluo wa Rorya wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane vilevile, na Wakisii ng'ambo ya mpaka wana obokano. Litungu ni kubwa kuliko nyatiti na sauti yake ni nzito, ina mvumo unaokwaruza kidogo. Mara ya kwanza nilipoisikia, katika duka moja pale mjini, nilimwambia muuzaji kwamba spika ya redio yake imepasuka. Watu walicheka mpaka wakashika meza.

Mtu niliyemtaja alikuwa wa makamo, mrefu, mwenye koti la kaki. Siku za mnada wa ng'ombe alikaa kwenye kigoda kando ya njia, litungu mbele yake, na mfuko wa kanda pembeni. Bei yake ilizidi kidogo tu ile ya kanda tupu dukani. Siku moja ya mwaka 1989 nilikuwa napita, akaniita.

"Mwalimu, unanunua au unapita?"

"Shikamoo, mzee. Mimi Kikurya sijui."

"Marahaba. Nyama ya mbuzi unakula?"

"Nakula."

"Na lugha ya mbuzi unaijua?"

Nilinunua. Aliponipa kanda aliongeza jambo ambalo sikulitilia maanani siku ile. Alisema nisianzie katikati. Upande wa kwanza una nyimbo nne na wa pili una tatu, na zinafuatana. Alizirekodi usiku mmoja katika ghala la mahindi la kaka yake, magunia yakiwa yamepangwa ukutani ili sauti isirudi. Upande wa pili mbwa anasikika akibweka kwa mbali. Nilimwuliza kwa nini hakurudia kurekodi. Akasema mbwa naye alikuwapo.

Kwa miezi kadhaa niliipiga kanda ile kama unavyofungulia bomba la maji, bila kusikiliza. Mwenzangu mmoja wa shuleni, mzaliwa wa huko, ndiye aliyeniketisha jioni moja akanieleza. Wimbo wa kwanza unawatoa ng'ombe zizini alfajiri, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Wa pili ni mzee anayegawa shamba kwa wanawe na mmoja anaona amepunjwa. Wa tatu ni usiku wa wizi, zizi tupu, na kilio cha kuitana. Wa nne ni msafara wa kufuata nyayo, na nyayo zinaishia kwenye boma la shemeji, mume wa dada yake anayeimba. Hapo kanda inakwisha. Inabidi uinuke, uigeuze.

Upande wa pili wote ni mtu anayejiuliza kama aseme barazani alichokiona, au anyamaze kwa ajili ya dada na wapwa. Kila wimbo una hoja yake. Katika wa mwisho maneno ni machache sana. Litungu ndilo linalosema, yeye analijibu kwa neno moja moja kama mtu anayekubaliana na mzee. Wala hatuambiwi aliamua nini. Katika wilaya ambayo wizi wa ng'ombe umewatia watu makaburini na kuzigombanisha koo, mtu mmoja peke yake, kwa pesa yake mwenyewe, alikuwa ametunga saa nzima ya kuwafanya wenzake wafikiri kabla ya kushika panga na mishale. Kama hicho si kitabu, basi sijui kitabu ni nini.

Nilipenda sana. Nami nikafanya kile tunachokifanya tukipenda. Niliazima redio kaseti ya pili, nikaziweka mbili zitazamane mezani, moja ikipiga na nyingine ikirekodi, nikawanakilia rafiki zangu. Nilinakili kanda kumi na nne. Juu ya kila moja niliandika maneno yaleyale: "Ngoma ya Kikurya. Litungu. Tarime." Niliona natangaza utamaduni. Yeye alikaa pale mnadani na mfuko wake, na watu kumi na wanne ambao wangeweza kununua hawakuwa tena na haja ya kununua.

Mwaka 1994 nilihamia Mugumu, wilayani Serengeti. Mzee yule alifariki mwaka 1998, nikapata habari mazishi yakiwa yamekwisha.

Mwaka 2006 nilikuwa ndani ya basi katika barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu, ile inayopita Nyamwaga na Nyamongo kabla ya kuvuka mto Mara. Dereva aliweka CD. Nilitambua sauti ile kabla ya wimbo kushika kasi, ingawa chini yake palikuwa pametiwa ngoma za kinanda cha umeme. Nikafurahi, nikataka kumweleza jirani yangu. Kisha, katikati ya wimbo wa tatu, ikasikika sauti ya mtu mwingine ikisema kwa Kiswahili: "Nani huyo? Ingia." Ilikuwa sauti yangu. Mwaka ule wa 1989, nikiwa nanakili kanda hewani, mtu alibisha hodi nami nikamkaribisha. CD ile ilikuwa mtoto wa nakala yangu.

Miezi michache baadaye mtoto wa kiume wa marehemu alinifuata Mugumu. Naye alikuwa ameisikia ile "ingia," na watu wakamwelekeza kwa mwalimu. Aliniamkia kwa heshima zote. Kwao hapakuwa na kanda hata moja iliyobaki nzima. Moja ilirekodiwa mahubiri juu yake, nyingine ililiwa na mashine. Alitaka twende pamoja kwa mwenye kibanda aliyekuwa anauza CD zile, nikamshuhudie kwamba nyimbo ni za baba yake. Tulikwenda. Mwenye kibanda hakugomba. Alifungua droo, akatoa kanda ya zamani, akaniwekea mbele.

"Mwalimu, mwandiko huu si wako?"

"Ni wangu."

"Umeandika mwenyewe, ngoma ya Kikurya. Ngoma ya Kikurya ni ya Wakurya wote, na mimi ni Mkurya."

Nimefundisha miaka thelathini na zaidi, na sikumbuki siku nyingine niliyokosa jibu namna ile. Ushahidi wa kumnyang'anya mtoto haki ya baba yake niliuandika mimi, kwa wino wa buluu, kwa mapenzi mema.

Tangu siku ile nimezisikia hoja za watu wa aina hiyo mara nyingi, na nyingine nilikuwa nazo mwenyewe. Nataka kuzijibu moja baada ya nyingine.

Wa kwanza husema: hizi ni nyimbo za asili, hazina mwenyewe. Nakubali kwamba zipo nyimbo za jando, za kuvuna na za kubembeleza watoto ambazo hakuna ajuaye aliyezianza. Lakini mtu akirithi namna ya kupiga nyuzi, harithi wimbo. Mshairi wa Kiswahili harithi vina na mizani kutoka kwa waliomtangulia? Mbona hatusemi kwamba shairi lake ni la ukoo mzima? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inatenga mambo haya mawili. Ina sehemu yake juu ya sanaa za jadi za jamii, na ina sehemu yake juu ya kazi ya mtunzi, ambaye haki yake hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wanaovuruga mambo hayo mawili ni sisi, kwa sababu uvurugaji huo ni rahisi na una faida.

Nao uandishi wa jina si jambo la kizungu wala la kisasa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yalikaa miaka mingi vinywani mwa watu. Leo tunayasoma kwa jina lake kwa sababu Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, aliyatia moyoni na kuyakusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, hata yakatoka kitabuni mwaka 1940. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwa ajili ya santuri, alirudi Unguja akiwa Siti binti Saad, hakurudi akiwa "ngoma ya Kiswahili." Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa kavu peke yake huko Jadotville mwaka 1952, mji uitwao leo Likasi, na wimbo wa Masanga ulijulikana kuwa ni wa Mwenda. Gitaa kavu moja na sauti moja vilitosha kumfanya mtunzi. Kwa nini litungu moja na sauti moja visitoshe?

Wa pili husema: lugha hatuielewi. Hii ndiyo hoja inayonichekesha. Franco alipofariki mwaka 1989, Tarime nzima ilihuzunika, na waliojua Kilingala mjini pale ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Tumecheza Kilingala tangu utoto wetu, harusini na baa, na hakuna aliyedai tafsiri. Lugha ya mbali tunaiita muziki. Lugha ya jirani tunaiita kelele za kikabila. Mimi ni muumini wa Kiswahili, nimekifundisha na nakula kwacho mpaka leo katika pensheni yangu. Lakini Kiswahili hakikuletwa ili kutuziba masikio. Anayeimba kwa Kikurya au Kingoreme hakimwibii Kiswahili chochote. Tena Kiswahili ndicho alichonitumia mwenzangu wa shuleni kunieleza kanda ile, wimbo kwa wimbo.

Wa tatu husema: chombo kimoja kinachosha, lazima kichangamshwe. Hapa nawageukia wenye studio ndogo za siku hizi. Kijana anakuja na litungu lake, mnamwekea ngoma za kompyuta kabla hajamaliza kukaza nyuzi. Uzi mnene wa litungu na ngoma hiyo ya kompyuta vinagombea mahali pamoja, na aliye na umeme ndiye anayeshinda. Yule mtu wa koti la kaki aliimba taratibu kwa sababu alitaka neno lisikike, kisha nyuzi zijibu, kisha pawe kimya kidogo, ili uone zizi tupu. Ukijaza kile kimya umefuta nusu ya utungo. Katika CD ile ya basi, msafara wa nyayo umekuwa wa kuchezea harusini.

Tena tunayo mifano ya kutuaibisha. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliimba kwa zeze na ilimba, na albamu yake ya Chibite ilitolewa Uingereza na Real World mwaka 1996. Ayub Ogada wa Kenya alikuwa ametolewa na kampuni hiyohiyo mwaka 1993, En Mana Kuoyo, nyatiti ikiwa mbele kabisa, bila kuharakishwa. Nafurahi kwa ajili yao. Ila ninauliza: je, lazima jalada lichapwe Uingereza ndipo tukubali kwamba mtu mwenye nyuzi za asili ana jina, ana albamu, na nyimbo zake zina mpangilio?

Wa nne ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu anazungumza kama rafiki. Husema: ukimnakilia watu unamsaidia, anajulikana. Nilisema hivyo mara kumi na nne. Mtu hujulikana vipi kwa nakala isiyo na jina? Kilichojulikana ni sauti, nayo ilizurura kama ng'ombe asiye na alama, mpaka mwenye kamba akamfunga. Leo kanda zimekwisha, na CD nazo karibu zimekwisha. Kijana wa stendi anakuingizia nyimbo mia kwenye flashi kwa bei ya chai na chapati, na faili zinaitwa "Litungu 1," "Litungu 2," "Litungu kali." Mashine zimebadilika, karatasi yangu ya wino wa buluu ingali inaandikwa.

Sasa nasema ninachotaka. Sidai ruzuku wala sidai tamasha. Madai yangu ni madogo, na ndiyo maana hayana kisingizio.

Ukimwona mtu mnadani, stendi au harusini, Sirari au Mugumu, anauza kazi aliyojitungia na kujirekodi, nunua kutoka mkononi mwake. Usimwambie akupunguzie bei kama unayenunua nyanya za jioni. Mwulize jina lake, kijiji chake, na mwaka aliorekodi, uandike mbele yake, asahihishe herufi. Ukifika nyumbani isikilize tangu mwanzo hadi mwisho kwa mpango aliouweka yeye, hata mara moja tu. Kama hujui lugha, tafuta ajuaye, umnunulie soda, akueleze. Na ukiombwa nakala, mwelekeze mwombaji kwa mwenye kazi. Mwalimu anayefundisha fasihi simulizi naye aache kuwaambia watoto kwamba fasihi hiyo haina mtunzi anayejulikana. Awatume kijijini wakamwulize.

Shauri la mwenye kibanda lilipelekwa kwa wazee, likaahirishwa, likarudi, na mpaka naandika haya halijapata mwisho. Nilitoa ushahidi wangu nikiwa nimesimama, nikasema nilikosea. Kanda yangu niliitafutia fundi, ikahamishiwa kwenye CD safi bila ngoma za kinanda, nikaipeleka nyumbani kwa marehemu ng'ambo ya mto. Mjane wake aliisikiliza pande zote mbili bila kusema. Mbwa alipobweka alitabasamu, akamtaja mbwa yule kwa jina.

Utaniuliza kwa nini basi nami sikulitaja jina la mzee katika kurasa hizi. Niliwaomba ruhusa. Walinijibu kwamba shauri likiisha watalitangaza wenyewe, na kabla ya hapo nisiandike kitu. Nimetii. Niliwahi kuandika juu ya kazi ya mtu huyo bila kumwuliza, na nimekwisha kueleza kilichotokea.

Karatasi ya wino wa buluu nimeibandua. Katika kanda ile, ndani ya boksi la viatu, sasa pana karatasi mpya yenye jina lake kamili, kijiji chake, mwaka 1989, na majina ya nyimbo saba kwa mpangilio wake. Aliyeandika ni mwanawe. Mimi nilimpa kalamu.